Mbio Zetu Zilikuwa za Kumaliza: niliyosema kwenye mkutano wa wapenda magari

Habari zenu wasee. Mabro, masista, na wazee wetu mliokaa hapo mbele na kofia zenu za Safari Rally za kitambo, shikamooni. Mwenyekiti aliniambia niongee kidogo kuhusu magari yanayoingia Mombasa mwaka huu kabla hatujapanga safari yetu ya kwenda kuangalia rali Naivasha, lakini nimemwomba nibadilishe, juu kuna kitu kimekaa kwenye grupu yetu ya WhatsApp wiki hizi zote na hakuna mtu anataka kukisema kwa sauti. Ni hizi mbio za usiku. Zile klipu za Northern Bypass na Thika Road hapa Nairobi, dashibodi inasoma 180, mtu anacheka nyuma ya simu, alafu chini yake ni emoji za moto moto moto mpaka unachoka kusogeza. Mimi napenda gari. Napenda spidi. Napenda kusikia turbo ikishika, na sijakuja hapa kuongea kama mtu wa serikali anayeona kila kijana mwenye egzosi kubwa ni mhalifu. Nimekuja kuongea kama mtu wa ndani, na ninachotaka kusema ni kwamba hizo mbio za bypass si mila yetu. Hatujazirithi kwa mtu yeyote wa nchi hii aliyewahi kuheshimiwa kwa sababu ya usukani.

Mila yetu ni Safari Rally, na Safari tangu mwanzo ilikuwa mbio za kumaliza.

Angalieni venye ilianza. 1953, wakaiita East African Coronation Safari, Kenya, Uganda na Tanganyika zote ndani ya mzunguko mmoja, na baadaye ikazoeleka kufanywa Pasaka, wakati mvua inanyesha na barabara ni matope. Maelfu ya kilomita. Hapo hakuna mtu aliuliza gari lako linafika ngapi kwenye lami, waliuliza tu, limerudi? 1963 yalitoka magari 84 yakarudi 7. 1968 yalitoka 93, yakarudi 7 tena, na hiyo miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Peugeot 404. Wazee hapa wanajua 404, ni gari la familia, gari la kubeba watoto na magunia, wala hakuna mtu angeiweka kwenye bango ukutani. Kulikuwa na magari yenye nguvu kuliko hiyo yaliyoachwa kwenye udongo mweusi huko nyuma, madereva wao wazuri tu, wanasubiri kuvutwa. Yeye alijua gari lake linavumilia nini na halivumilii nini, akaendesha ndani ya hapo.

Alafu kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Huyu mnamjua kama Simba, mnamjua na picha zile za kilemba, lakini wengi mnasahau kwamba kabla ya yote alikuwa fundi, alikulia kwenye gereji ya babake mikono ikiwa na grisi. 1965 yeye na kakake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari la mkono wa pili jamani, kama haya yetu tunayovua kwenye meli, wakalifungua, wakalijua kila nati, wakalirudisha. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Lakini mimi hesabu yake ninayoipenda kuliko hizo kombe tatu ni hii nyingine, kwamba alianza Safari 22 akamaliza 19. Kwenye mbio ambazo mwaka mwingine wanarudi watu saba, huyu mtu alimaliza 19. Hiyo ndio sifa yake, na haiwezi kupigwa video, juu inaonekana tu ukikaa ukaangalia maisha yake yote.

Na wale wa Subaru, ambao najua mko wengi hapa na mlipaki pamoja kama kawaida yenu, hadithi yenu kwenye Safari haikuanza na ile Impreza ya Colin McRae ya 1997. Rudini nyuma mpaka 1993, Subaru ilileta Vivio, kigari cha cc 660, injini ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa, na McRae mwenyewe alikuwa kwenye moja. Akaenda nayo kwa kasi ya ajabu, watu wakashangaa, alafu ikavunjika. Patrick Njiru wetu alikuwa kwenye nyingine, akaitunza, akaifikisha mwisho, nafasi ya 12 kwa jumla na mshindi kwenye daraja lake. Sisemi McRae hakuwa dereva, alikuwa dereva wa hatari, na alirudi akashinda hapa mara tatu, lakini mara hizo tatu pia alishinda kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba hii nchi inakata magari ya watu wenye haraka. Hata juzi juzi, 2021, Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya karibu miaka 20, Thierry Neuville alilala Jumamosi akiongoza, Jumapili asubuhi shoku ya nyuma ikaisha akabaki kando ya barabara, Ogier akachukua na Katsuta akawa wa pili. Gari la kiwanda, mafundi wa kiwanda, na bado jiwe la Naivasha halikujali.

Sasa niambie, mtu anayekanyaga mafuta kwenye bypass saa saba usiku kwa kilomita nne alafu anazima, anarithi nini hapo?

Wacha niingie kwenye kitu ambacho naona watu wengi hata wa hapa hawakijui vizuri. Yale magari ya Naivasha, yale ya Rally1, daraja la juu la rali za dunia, ambayo yana kasi kuzidi gari lolote lililopaki hapo nje, yana namba za usajili, yana bima, yana taa za kugeuka. Juu kati ya steji na steji, yaani vile vipande vya kushindania muda, yanapita barabara ya kawaida pamoja na sisi, na sheria ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, inasema kwenye barabara ya kawaida dereva anafuata sheria za trafiki za nchi aliyomo, akizivunja anapigwa adhabu. Kwa hiyo bingwa wa dunia, akitoka steji ya Kedong ambako ameruka mawe na vumbi la fesh fesh mpaka puani, akifika Naivasha mjini penye kibao cha 50 anashuka 50, anasimama kwenye zebra mama apite na mtoto. Yule ndio mtu mwenye haki kuliko sisi wote ya kusema anajua kuendesha. Na anasimama. Nani kati yetu ana kipaji kuliko yule kiasi kwamba zebra haimhusu?

Na kabla hajaruhusiwa kwenda kwa kasi mahali popote, kuna kazi imefanyika. Anapita kila steji mara mbili kabla ya mashindano, polepole, kwa spidi iliyowekwa, anasema na mwelekezi wake wa kiti cha abiria anaandika, kona hii kali, kona hii usikate ndani kuna jiwe, hapa kuna mto. Barabara inafungwa. Wanaweka mamarshali wa kusimamia njia na watazamaji, daktari, gari la zimamoto, helikopta. Ndani ya gari kuna keji ya vyuma, helmeti, nguo zisizoshika moto, mshipi wa kufunga mabega yote mawili. Watazamaji wakisimama mahali pabaya steji inasimamishwa, hata kama televisheni dunia nzima inaangalia. Na kuna hii nyingine ambayo inanigusa sana: ukipata ajali kwenye rali kila gari lina bango, upande mmoja OK, upande mwingine SOS, ukionyesha SOS mwenzako anayekuja nyuma LAZIMA asimame akusaidie, hata kama anapigania ubingwa, na muda wake atarudishiwa. Mbio zenyewe zimeandikwa hivyo, kwamba mtu ni mkubwa kuliko saa.

Bypass ikitokea kitu watu hufanya nini? Mnajua. Taa zinazimwa, kila mtu anapotelea njia yake, klipu zinafutwa kwenye grupu. Sitaendelea hapo, juu kuna watu hapa ndani wanajua naongea nini na wana machungu yao.

Kuna mtu ataniambia, na mzee mmoja aliniambia vizuri tu kwa heshima hapo nje tukinywa chai, kwamba mbona Safari ya zamani yenyewe ilikimbizwa kwenye barabara wazi? Ni kweli mzee wangu. Mpaka 2002 barabara hazikuwa zinafungwa, magari ya mashindano yalikutana na malori na ng'ombe na basi, timu kubwa zilikuwa na helikopta juu zinaangalia mbele na kumwambia dereva kuna punda anavuka. Lakini kijiji kizima kilijua siku. Redio ilitangaza, watu walikaa kando ya njia tangu asubuhi kusubiri, polisi walikuwepo, shule zilitoka. Hakuna mtu alishtukizwa. Na nchi ilikuwa nyingine kabisa, sensa ya 1962 ilitukuta milioni 8.6, ya 2019 ikatukuta milioni 47.6, na magari sijui niseme nini, angalieni Mombasa Road saa kumi na moja jioni. Hata hivyo hata ile ya zamani ilikuwa na ajali zake, na ndio maana iliporudi 2021 ilirudi na steji zilizofungwa, kwenye mashamba na mbuga za Naivasha. Wenye mbio wenyewe waliangalia wakaamua barabara wazi haifai tena. Sisi tunawezaje kuamua inafaa?

Hoja ya pili naisikia kwa vijana, ati saa tisa usiku barabara ni tupu. Hii ndio inaniuma zaidi, juu mtu akisema barabara ni tupu ina maana hajaangalia nani yuko pale. Saa tisa usiku mama wa mboga anatoka Kahawa, anatoka Githurai, anatafuta gari la kumfikisha Marikiti kabla bei haijapanda. Saa tisa askari wa usiku anavuka kwenda kununua chai. Saa tisa kuna boda haina taa ya nyuma, kuna lori limekufa kwenye leni ya kushoto na dereva ameweka tawi la mti nyuma yake badala ya kibao cha pembetatu, kuna mtu ametoka zamu ya kiwandani na amevaa nguo nyeusi. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka zinasema wanaokufa wengi kuliko kundi lingine lolote ni watembea kwa miguu, na tunaongea zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka miaka hii ya karibuni. Na kwa dunia nzima shirika la afya, WHO, linasema ajali za barabarani ndio zinaongoza kuua watu wa kati ya miaka 5 na 29. Sio malaria. Ajali. Hiyo barabara si tupu, ina watu ambao hawana gari, basi.

Nifanye hesabu kidogo, na wale mnaojua fizikia mtanisahihisha. Ukiwa 180, unakula mita 50 kila sekunde. Ukiona kitu, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, hapo umeshakula mita 50 hujafanya lolote. Alafu breki yenyewe, lami kavu, matairi mazuri, inataka kama mita 180 nyingine. Jumla ni kama mita 230, viwanja viwili vya mpira na zaidi. Taa zako ukiwa umeweka dimu zinakumulikia mita 50 au 60 hivi. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya hiyo safari unaendesha ndani ya giza, unaendesha mahali ambapo hujaona, na chochote kilicho pale umeshakigonga kabla hujajua kipo, bado hujui tu. Kwa 110, ambayo sheria inaruhusu kwenye barabara kuu, ni kama mita 100. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi yenyewe, yaani 180 ukilinganisha na 60 si mara tatu, ni mara tisa. Kipaji hakiingii kwenye hiyo hesabu. Ukiwa Joginder ama ukiwa wewe, hesabu ni ile ile.

Sasa tuje kwa magari yenyewe, juu hapa ndio naona mapenzi yetu yamepinda kidogo. Mtu ameagiza gari kutoka Japani, limeshuka Mombasa, mwezi wa kwanza kabla hata hajamaliza deni la bandari ameshaweka egzosi, mwezi wa pili ameenda kuchezewa kompyuta ya injini ipate nguvu na egzosi iwe inapiga ile milio kama ya risasi, mwezi wa tatu amekata springi gari liinamie chini. Unamuuliza breki pedi, anakwambia ziko tu sawa. Unamuuliza oili ya breki imebadilishwa lini, anakuangalia. Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo, ikishazeeka ukiteremka Mai Mahiu ukishika breki kila kona inachemka ndani ya breki, na pedali inaenda mpaka chini bila kushika kitu. Matairi hata usiniambie. Kila tairi lina namba nne ubavuni mwishoni mwa yale maandishi ya DOT, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, ikisoma 2316 ujue limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Nendeni hapo nje sasa hivi muangalie. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na mpira wake umekauka kama mfupa, na tunayanunua haya ex-Japan bila kusoma kwa sababu yana jina kubwa na bei ni nafuu.

Na watu wa Japani wenyewe, waliotengeneza haya magari, kwa miaka mingi viwanda vyao vilikubaliana visiuze kwa wateja wao wa nyumbani gari linalopita 180, na kutoka 1989 mpaka 2004 walikubaliana pia wasitangaze gari la zaidi ya nguvu za farasi 280. Wale wana lami kama kioo, wana viwanja vya mbio kama Suzuka na Fuji ambako mtu wa kawaida analipia siku na anaenda kukimbia. Sisi tunatoa kile kizuizi cha 180 kwenye barabara yenye matuta ambayo hayajapakwa rangi.

Mimi maoni yangu kuhusu pesa, na hii nitaigombania na mtu yeyote, ni kwamba gari la kwanza kabisa linastahili matairi, alafu breki, alafu shoku na bushi, alafu taa zimulike vizuri, alafu dereva afundishwe. Baada ya hapo weka nguvu unayotaka, mimi mwenyewe nitakuja kuisikiliza. Hiyo ndio kazi ya Joginder kwa ile Volvo. Lile gari lenye nguvu 400 na breki za kiwandani limekaa vibaya kwa macho ya mtu anayejua, hata liwe na rangi gani, hata lishinde kila kombe la urembo pale racecourse ya Ngong siku ya Concours.

Mlio nao niuongelee, juu tunatukanwa sana kwa ajili yake. Ule mngurumo wa Subaru, wa zile injini za EJ, unatokana na mabomba ya egzosi yasiyolingana urefu yanayotoka kila upande wa injini ya boksa. Ni mlio mzuri. Mimi nikiusikia kwa mbali najua ni gari gani na nafurahi. Lakini mlio wa injini na hizi risasi za kutengeneza ni vitu viwili tofauti. Mtu anapita Eastleigh ama Kayole saa sita usiku anapiga pa-pa-pa-pa, mahali ambapo watu wamewahi kusikia risasi za kweli, watoto wanaamka wanalia, alafu tunashangaa mbona wakiona stika ya klabu kwenye kioo wanatuita wahuni. Ukipita karibu na hospitali, karibu na msikiti watu wakiswali, karibu na matanga, toa mguu. Haikugharimu chochote.

Kuhusu matatu na nganya na mbona polisi hawawashiki wao, nimesikia, ni kweli kwa kiasi, na sina muda nayo. Sisi si chama cha matatu.

Kinachonipa moyo ni kwamba mahali pa kukimbia papo, si pengi, lakini papo. Autokrosi. Sijui kwa nini vijana wetu wanaidharau, ati ni ya vumbi. Autokrosi ni uwanja wa udongo, kona zimechorwa, unaingia na gari lako unapambana na saa, kuna daktari kando, kuna mtu wa bendera. Ziko za magari ya turbo na yasiyo na turbo, za kuvuta mbele na za magurudumu yote manne, mpaka watoto wana daraja lao, na madereva wetu wengi wa rali walianzia kule kule. Kwa spidi ya 70 kwenye vumbi utajifunza kuhusu gari lako vitu ambavyo 180 kwenye laini iliyonyooka haitakufundisha mpaka uzeeke. Kwenye laini iliyonyooka gari ndio linafanya kazi, wewe unashikilia tu. Kwenye vumbi mkia ukitoka, ni wewe. Kabla hujanunua egzosi nyingine ya chuma kisichoshika kutu Kirinyaga Road, ulizia kwanza pesa ya kuingia, helmeti na leseni ya shirikisho.

Na tuendelee kupiga kelele tupate uwanja wa lami wa maana. Serikali ilipata njia ya kurudisha Safari kwenye kalenda ya dunia, kaunti zina ardhi, kuna viwanja vya ndege vidogo vinavyolala wiki nzima. Tukienda kuomba tukiwa ndio wale wale wa klipu za bypass, nani atatusikiliza? Afisa atafungua simu yake atuonyeshe sisi wenyewe.

Sasa kwa wale ambao hamuendeshi hizo mbio, najua ndio wengi hapa, mnapiga tu video na kuweka emoji. Zile mbio bila kamera nyingi zingekufa zenyewe. Kijana anakanyaga kwa sababu anajua ikifika asubuhi watu mia moja watakuwa wameona. Hao watu mia ni sisi. Mimi, wewe, treasara. Na wewe unayekaa kiti cha abiria ukisema ongeza ongeza, kazi ya anayekaa kiti hicho tangu enzi za Safari ni kumwambia dereva kona inayokuja ni kali, punguza. Mwelekezi anayemwambia dereva uongo kuhusu kona hapati mtu wa kumpakia tena.

Sheria nayo ipo, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari inaweza kukupeleka ndani mpaka miaka 10, na karatasi zenu za bima zisomeni mtaona mashindano na kupimana spidi wameyatoa nje, kwa hiyo ukigonga mtu kwenye mbio hata yule unayemwacha hospitalini anaweza kubaki anahangaika na kampuni kuhusu nani atalipa. Lakini sitaki tuache kwa ajili ya kuogopa kortini. Nataka tuache kwa sababu tunajua mbio ni nini, na ile si mbio.

Haya, Naivasha. Nimemwomba mwenyekiti tupige kura leo leo kwa mambo haya na nimeshamwandikia. Tunatoka kwa makundi madogo ya magari matano matano, si msafara wa magari 60 unaoziba barabara ya watu wengine, kila kundi na gari la mbele na la nyuma. Kuteremka kuelekea Mai Mahiu hakuna mtu anapita mwenzake, gia ya chini, breki zipumue. Anayekunywa Ijumaa usiku hashiki ufunguo Jumamosi asubuhi mpaka apulize, alkoblo ndogo tutanunua na pesa za klabu. Kwenye steji tunasimama pale marshali anaposema, si ndani ya kona, si mahali gari litaangukia likikosa, na anayeleta ubishi na marshali anatuaibisha wote. Jumapili jioni kurudi ndio kubaya kuliko kwenda, kila mtu ameangalia madereva wa dunia siku tatu na sasa yuko kwenye barabara ya Nakuru na malori, watu wamechoka, kwa hiyo napendekeza tusirudi Jumapili usiku kabisa, tulale, tutoke Jumatatu alfajiri kukiwa na mwanga.

Na la mwisho ni la grupu. Klipu yoyote ya mbio kwenye barabara ya watu inatolewa na admini siku hiyo hiyo, na aliyeiweka anaitwa anaongeleshwa na wazee wawili, ana kwa ana, bila matusi. Akirudia anatoka, stika inabanduliwa kwenye kioo. Badala yake admini afungue sehemu ya autokrosi, tuweke muda wa kila mtu, gari la kila mtu, tairi alilotumia, nani alimaliza raundi zote za msimu. Najua kuna watu hawatapenda, na wako hapa, na ni marafiki zangu, nimekula kwao. Kama una hoja ya kupinga, maikrofoni ni hii, njoo useme mbele ya wote kabla hatujainua mikono.